Bafu la Sajenti

Sajenti alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Anatoka mjini, ufunguo uko mfukoni, mkewe yuko kanisani na ndani hamna mtu. Bado atasimama kando ya mlango, si mbele yake, agonge, kisha atege sikio. Siku moja nilimwuliza kupitia uzio anamgongea nani. "Mwizi akisikia hodi hawezi kaa tuli," akanijibu. "Lazima asonge." Nikamwuliza kama amewahi kumnasa hata mmoja kwa njia hiyo. "Bado," akasema. "Lakini huwezi jua."

Tulikuwa majirani huko Burat, pembeni mwa mji wa Isiolo, kwa miaka mingi, ua wake na wangu umetenganishwa na mabati makuukuu na matawi ya miiba. Yeye alikuwa Mturkana, fundi wa maji aliyestaafu jeshini, na cheo kikageuka jina. Hata mkewe, Mama Akiru, alimwita Sajenti, kwa sauti ile ile aliyoitia mbuzi. Mimi ni Msomali wa hapa hapa Isiolo, wa wale ambao babu zao waliletwa na Mwingereza wakiwa askari, na nina duka la vifaa vya ujenzi mjini. Dukani nimejifunza kwamba mteja anayekusifu sana ana jambo lake. Husemwa nyani haoni kundule, lakini mimi langu naliona: siamini kitu mpaka nikishike. Pengine ndiyo sababu nilimtazama Sajenti kwa makini kuliko majirani wengine walivyomtazama.

Alikuwa mteja wangu mgumu kuliko wote. Bomba hakulichukua mpaka alipulize, alichungulie kuelekea mwangani, kisha apitishe kidole kwenye nyuzi zake akitafuta ufa. Gamu ya kuungia ilifunguliwa mbele yake, akainusa. Nikimwambia, "Sajenti, hii ni ile ile ulichukua juzi," atasema, "Juzi ilikuwa juzi." Alikuwa na misemo yake, na mmoja wafanyakazi wangu waliuandika kwa chaki ukutani: Bomba halina rafiki. Maana yake, alinieleza, ni kwamba bomba litakuvujia hata kama umelifunga kwa upendo. Mwingine ulikuwa: Mwamini Mungu, binadamu mkague. Mama Akiru alinisimulia kwamba hata Mungu mwenyewe hakuaminiwa kikamilifu, kwa sababu kanisani watu wakifumba macho kuomba, Sajenti hubaki ameyakodoa. Mchungaji alipomwuliza, alijibu kwamba lazima mtu mmoja abaki kwa zamu.

Lakini si rahisi kumweka mtu huyu kwenye kikapu kimoja. Tangi lake jeusi la maji lilikuwa na kufuli mbili, moja ya mfereji na moja ya mfuniko, na funguo hazikukaa kwenye kamba moja. Mwaka ule wa kiangazi kirefu, mifereji ya Burat ilipokauka, tulitazamia kwamba atakunywa peke yake. Asubuhi moja akafungua lango, akasimama kando ya tangi na bakora yake, akaita watu. Aliwajazia wote: Waborana, Wameru, Waturkana wenzake, hata jirani aliyekuwa na kesi naye ya mpaka. Ila kila mtungi aliunusa kwanza, akautikisa, akauliza zamani ulibeba nini, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mfereji isipokuwa yeye. Tulibeba maji yake ya bure huku tukimlaani kimoyomoyo. Sijui mtu mwingine anayeweza kukutendea wema akakuacha umeudhika hivyo.

Kisha ikaja mashua.

Lori lililokuwa limepeleka unga kaskazini lilirudi nayo mgongoni, imelala ubavu juu ya magunia matupu, na mbuzi wa mtu wamefungwa ndani yake. Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, nyeupe iliyopauka, yenye chumba cha kulala ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima. Mzungu mmoja alikuwa ameiacha Ziwa Turkana alipokwenda kwao, na Sajenti akaipata. Sasa alikuwa ameileta Isiolo, ambako mto wenyewe mara nyingi ni mchanga, ili aitengeneze karibu na vifaa vyake, kisha airudishe ziwani wakaishi ndani yake, yeye na mkewe. Akaipandisha juu ya magogo na matairi katikati ya ua. Mlingoti wake ulionekana kutoka barabara ya lami.

Unaweza kufikiri watu walisema nini. Mzee mmoja wa Kiborana alisimamisha ngamia wake langoni, akaitazama mashua kwa muda, kisha akauliza, "Sajenti, ni mvua gani wewe umeambiwa na sisi hatujaambiwa?" Wengine walisema ni ya bunduki. Wakasema itajazwa bunduki huko mpakani irudi imefunikwa na samaki. Chifu alikuja na polisi kuipekua. Sajenti aliwazuia langoni mpaka kila mmoja aonyeshe kitambulisho, akavisoma mbele na nyuma, akamwambia askari mmoja kwamba picha yake haifanani naye. Wakapekua, wakapata kinyesi cha mbuzi.

Mimi niliambiwa mashua ni ya kusafirisha samaki waliokaushwa. Chifu akaambiwa ni ya watalii. Mchungaji akaambiwa ni ya kupeleka injili visiwani, na mzee wa ngamia akaambiwa ni ya kuchimba magadi ya mifugo. Tulipokutana na kulinganisha maneno tulipigwa na butwaa. Nilimwendea Mama Akiru nikamwuliza ukweli ni upi, naye akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hiyo ni mtego yake," akasema. "Kila mtu anapewa yake. Maneno ikirudi, anajua imetoka kwa mdomo ya nani. Ile ya samaki ilirudi siku hiyo hiyo."

Ile ya samaki ilikuwa yangu. Moyoni nikaanza kuhesabu mambo. Mtu mwenye sababu nne hana hata moja anayoweza kuisema mbele ya watu. Na Mama Akiru je, yeye aliambiwa ipi? Nilipombana, alisema tu, "Mume akihama, mimi nibaki niongee na nani?" Hilo si jibu. Ni maneno wanawake tunayosema tukiwa hatuna jibu, au tukiwa nalo na hatutaki kulitoa.

Niseme wazi kilichokuwa kinanisumbua. Nilimpenda Mama Akiru. Mume wangu alipofariki na nikakaa eda, sitoki nje ya ua, watu wa ukoo wangu walikuja wakanisomea dua, wakala, wakaenda zao. Aliyenichotea maji muda wote wa eda ni yule Mkristo wa upande wa pili wa mabati. Hakuniambia subira ni nini. Alimwaga maji kwenye pipa, akaketi kidogo, akaniambia habari za sokoni, akaondoka. Mtu kama huyo huwezi kukubali apelekwe kokote kwa sababu tu mume wake amesema. Miguu yake ilikuwa mibaya, alikuwa na sukari na presha, na alikuwa hajui kuogelea. Sajenti naye hakujua kuogelea. Watu wake walikuwa wafugaji. Ziwa walilifahamu kama kitu ambacho mbuzi hukinywa kwa shida kwa sababu ya chumvi. Sasa mzee wa namna hii anampeleka mwanamke wa namna ile akalale juu ya maji yenye mamba. Nilijiambia: ama amerukwa na akili, ama amemchoka mke wake. Lile la pili ndilo lililonikosesha raha.

Bafu lilitokana na sharti la Mama Akiru mwenyewe. Alilitoa mbele yangu, tukiwa tunachambua mchele.

"Mimi sitaoga mbele ya wavuvi," alimwambia Sajenti, "na sitaoga mbele ya mamba. Hakuna bafu, hakuna safari."

Nilifurahi, nikidhani amepata njia ya kukataa bila kukataa. Kumbe Sajenti alilichukua kama amri ya mkubwa wake jeshini. Kesho yake alikuwa dukani kwangu akipuliza mabomba.

Alilijenga mbele kabisa ya mashua, mahali palipokuwa na sanduku la kamba. Juu ya paa la chumba aliweka tangi dogo jeusi ili jua liyapashe maji moto. Kutoka hapo akashusha bomba jembamba lenye kichwa cha kunyunyizia. Chini aliweka sakafu ya plastiki aliyoikata mwenyewe, imeinama kidogo kuelekea katikati, na katikati akatoboa tundu, akalipitisha bomba moja kwa moja mpaka nje chini ya tumbo la mashua. Mlango ulikuwa pazia nene la turubai. Humo mtu aliogea ameketi kwenye stuli, na kwa miguu ya Mama Akiru hiyo ilikuwa heri.

Sasa, sisi watu wa Isiolo tunajua jambo moja kuhusu tundu la bafu: ndipo nyoka anapoingilia. Kwangu hufunikwa na jiwe kila baada ya kuoga. Sajenti hakuridhika na jiwe. Aliweka wavu wa chuma juu ya tundu na mwingine chini yake, akaujaribu kwa kusukuma uzi, kijiti, na mkia wa mjusi aliyemwua kwa kazi hiyo. Alinionyesha kwa fahari. "Hapa hata siafu haiingii," akasema. "Maji inaenda, hakuna kitu inarudi." Akamwaga ndoo nzima. Maji yalizunguka kidogo, yakatoweka, sakafu ikabaki safi. Mama Akiru alianza kuoga humo kila jioni, mashua ikiwa juu ya magogo, na majirani walizoea kuona mvuke wa sabuni ukitoka kwenye chombo cha ziwani katikati ya vumbi la Burat.

Maji yale yalishuka chini ya mashua, yakafuata mteremko, yakapita chini ya mabati, yakaingia kwenye sukuma wiki yangu. Nilimwendea na jembe mkononi.

"Sajenti, hii maji yako ya sabuni inaniharibia mboga."

Alikuja uzioni, akachuchumaa, akaitazama njia ya maji kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii sukuma ilikuwa hapa kabla ya maji, ama uliisongeza?"

"Niisongeze kwa nini?"

"Maji ya bure."

Sikumsemesha wiki nzima. Alichimba mtaro akayageuza kuelekea migomba yake, na siku mtaro ulipokamilika aliniletea mkungu wa ndizi. Kila ndizi ilikuwa imekaguliwa. Niliona alama za kucha zake kwenye maganda.

Siku ya mafuriko ilikuwa Ijumaa mchana. Nilikuwa nimefunga duka kwa ajili ya swala na nimerudi nyumbani. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, upande wa Meru, na sisi ambao hatukupata hata tone ndio tulioletewa. Maji ya laga, yaani mto wetu wa mchanga, hayaji kama mvua. Kwanza unasikia mngurumo wa mbali, kisha unaona povu na vijiti, kisha mbuzi wa mtu. Uzio wangu ulilala chini mara moja. Nilisimama juu ya meza ya kufulia nikipiga mayowe, na Sajenti akaja akanishika mkono bila salamu, akaniburuta mpaka kwenye mashua. Mama Akiru alikuwa amekwisha kupandishwa. Akatutupia kuku na mfuko wa unga, kisha akabaki nje akikaza kamba kwenye shina la mwarobaini.

Maji yalimfika magotini, halafu mapajani. Mashua ikatikisika juu ya magogo yake. Nakiri kwamba kwa dakika chache nilimheshimu yule mzee. Sisi tulikuwa ndani, pakavu, na Burat nzima ilikuwa juu ya mapaa. Mama Akiru alikuwa ameketi kitandani, anaangalia mbele kwenye bafu, pazia likiwa wazi.

"Mama Halima," akaniambia kwa utulivu kabisa, "maji ya kuoga imerudi."

Yalikuwa yanapanda kwa kupitia tundu, ya rangi ya matope, yakichemka juu ya wavu wa nyoka. Wavu ulikuwa unafanya kazi yake vizuri. Vijiti vilibaki chini, maji yakapita. Sakafu ya bafu ikajaa, yakamwagika chumbani, yakatufika vifundoni. Nilimwita Sajenti kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Akaruka ndani, akaona, akasimama tu. Sijawahi kuona uso wa mtu aliyesalitiwa kama ule. Kisha akavua sweta yake ya jeshi, akaisokomeza tunduni, na akaikalia.

Alikaa hapo, magoti kidevuni, mpaka laga ikachoka. Mama Akiru alichota kwa sufuria, akanipa, nikamwaga nje, akachota tena. Kama si makalio ya Sajenti tungezama Burat, mahali ambapo watu huomba maji kwa Mungu kila mwezi.

Yalipoteremka, jambo la kwanza alilolisema, bado amekalia sweta, lilikuwa: "Nani alitoboa mashua yangu?"

"Ni wewe," Mama Akiru akamwambia.

Alitafuta mwingine wa kumlaumu, nilimwona akitafuta, macho yake yakapita kwangu yakasimama kidogo. Kisha yakarudi tunduni. Alikuwa amemshuku nyoka, nge, panya, mwizi, chifu na mimi. Maji hakuyashuku. Na kusema kweli, hakuna hata mmoja wetu aliyeyashuku, wote tuliokuja kulitazama bafu lile na kulisifu. Ziwani tundu lile lingekuwa chini ya maji tangu dakika ya kwanza. Sisi tulilitazama kwa macho ya watu ambao maji kwao huteremka na kwenda zake, na ukitaka mengine uyafuate na punda. "Maisha yangu yote ni mimi nafuata maji," Sajenti alisema baadaye, akikamua sweta. "Sijawahi ona ikinifuata."

Maneno hayo yangenitosha, lakini shetani hakulala. Nilianza kujiuliza: na kama alijua? Fundi wa maji, miaka yote ile kambini, asijue kwamba tundu linalotoa huingiza? Nilibaki na swali hilo kooni mpaka likanishinda. Nilimkuta peke yake, anang'oa bomba lile, nikamwuliza waziwazi.

"Sajenti, ulikuwa unajua hii mashua itazama na yeye ndani?"

Nilitegemea anifukuze. Aliweka msumeno chini, akanitazama, na naapa alipendezwa. "Hiyo ni swali mzuri," akasema. "Mimi pia ningeuliza." Akachukua msumeno akaendelea na kazi. Hakunijibu, na mimi nikarudi nyumbani nimeudhika na nimeogopa zaidi.

Alianza upya. Tundu la chini alilifunga, akalipaka tabaka juu ya tabaka, akalipiga nyundo akitamani livunjike. Sasa maji ya kuoga yalianguka kwenye beseni lililofungwa chini ya sakafu. Ndani ya beseni kulikuwa na pampu ndogo ya betri, na pampu iliyasukuma kwenye hosipaipu iliyopanda juu karibu na paa, ikajikunja kama shingo ya ngamia, ikatokea ubavuni juu kabisa, mahali ambapo ziwa haliwezi kufika. "Sasa kila tone lazima lipande kabla ya kushuka," alisema. "Na likitaka kurudi, lipande tena. Litachoka."

Mafuriko yalikuwa yameacha dimbwi kubwa nyuma ya laga. Wanaume wa Burat, wale wale waliomcheka, waliibeba mashua mabegani wakaishusha humo. Kabla Mama Akiru hajapanda, Sajenti alichukua majivu ya jikoni akayapepeta kote chini ya sakafu, kila kona, inchi kwa inchi. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye kizingiti cha nyumba yake akisafiri, ili mwizi aache nyayo. Kisha akashuka, akasimama ukingoni na sisi, na Mama Akiru akaingia kuoga mbele ya kijiji kizima, nyuma ya turubai.

Tulisikia maji yakinyunyiza. Tukasikia pampu ikikoroma. Halafu kutoka ubavuni mwa mashua ukaruka mchirizi wa povu ukaangukia dimbwini, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Sajenti hakupiga makofi. Alipanda na tochi, mchana kweupe, akalala kifudifudi, akayakagua majivu. Alitoka ameyashika kidogo kiganjani, akanijia mimi kati ya watu wote waliokuwepo, akanipa niyashike. Yalikuwa makavu. Nilitafuta kasoro, nikaikosa, na bado sikumwambia kwamba nimeridhika.

Waliondoka kwa lori baada ya mvua kwisha. Mama Akiru aliketi mbele na dereva, amefunga kitambaa kipya, anapunga mkono kama bibi harusi. Mwanzoni alinipigia simu kila mtandao ulipopatikana. Alisema upepo wa huko unang'oa nywele. Alisema anaoga kila jioni, kwamba wake za wavuvi wanakuja kuomba kuliona bafu, na kwamba Sajenti anawakagua miguu kabla ya kuwapandisha. Kisha simu zikapungua. Kisha zikakoma, na nikipiga mimi naambiwa hapatikani. Nilikuwa nikiwauliza madereva wa malori kila wanapokuja dukani. Mmoja alisema ameiona mashua nyeupe imefungwa ufuoni. Mama hakumwona.

Asubuhi moja nilinyanyua macho nikamwona Sajenti mlangoni mwa duka. Peke yake. Alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Habari ya asubuhi, Mama Halima."

"Mama Akiru yuko wapi?"

"Ametuacha."

Niliwatoa wateja nje, nikafunga mlango. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno ya kulia; kila nililokuwa nimelishuku lilikuja kwa pamoja likasimama kifuani. Yeye alivuta kiti akaketi, akaniangalia bila kukwepa.

"Nimekuja uniulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Yote. Kule watu walinipa pole, wakakula, wakaenda. Akiru mwenyewe, mtoto wetu, alilia tu. Hakuna mtu ameniuliza alikufa namna gani. Mimi kama ningekuwa wao, ningeuliza. Nikasema, kuna mmoja Isiolo ataniuliza."

Basi nikamwuliza. Sikumhurumia. Ilikuwa maji? Haikuwa maji, ilikuwa sukari, ilipanda ikakataa kushuka. Ulimpeleka hospitali? Alimpeleka, mara ya kwanza wakampa dawa wakarudi, mara ya pili daktari akamwambia waendelee kumtunza tu. Alifia wapi? Ndani ya mashua, asubuhi, imefungwa ufuoni. Wewe ulikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo, ameshika mguu wake, kwa sababu ulikuwa baridi. Siku ya mwisho alioga? Alioga. Nani alimwogesha?

"Mimi," akasema. "Miguu ilikuwa imekataa. Nilimkalisha kwa stuli, nikamshikilia na mkono moja, na ingine nikamwaga maji. Alisema iko moto vizuri."

"Pampu ilifanya?"

"Ilifanya. Niliangalia chini baadaye. Ilikuwa kavu."

Kisha nikauliza lile ambalo Isiolo nzima ilikuwa haijapata jibu lake: kwa nini mashua? Na asinipe la samaki.

"Ni yeye alitaka," akasema. "Mimi ziwa naogopa mpaka leo. Alisema amechoka kungoja maji. Tangu akiwa msichana ni mtungi na foleni, mtungi na foleni. Akasema kabla afe anataka kulala mahali maji iko pande zote na hakuna mtu anapiga laini. Ningemwambia nini? Na hakutaka watu wajue. Alisema mtamcheka."

Nilifikiri juu ya mwanamke aliyenichotea maji muda wote wa eda bila kuniambia amechoka. Hapo ndipo machozi yalinitoka, na Sajenti aliyaangalia yakitoka, akangoja. Nikamwuliza amezikwa wapi, akaniambia: juu kidogo ya ufuo, kwenye mawe, mahali panapoona maji. Nikamwuliza aliacha neno gani kwangu, akaniambia. Hilo ni langu.

Mwishowe nilifuta uso kwa mtandio. Nikamwambia basi, Sajenti, yatosha. Nimeuliza, umenijibu, nami nimekuamini. Mungu ampumzishe.

Hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa muda wa kumwona mgonjwa umekwisha.

"Uliza ingine," akasema.

Sikuwa na swali lingine. Nikamwuliza kama Mama Akiru alizoea kula samaki. Akavuta kiti karibu, akaanza kunieleza.